Gari Lililosimama

"Lisilojulikana na nani?" mwanamke aliuliza.

Inspekta alimsogezea kalamu. Kibali cha kuzika kilikuwa mezani kati yao. Kwenye nafasi ya sababu ya kifo, bosi wake alikuwa ameshaandika kwa mkono wake mwenyewe: amegongwa na gari lisilojulikana. Zilibaki sahihi mbili, ya Inspekta na ya ndugu wa marehemu. Zikitiwa, mochwari ingefungua jokofu na mwili ungetoka.

"Lilikuwa na bendera puani," mwanamke aliendelea. "Pikipiki huku, pikipiki kule. Ving'ora vinalia mpaka watoto wanaziba masikio. Mji mzima umesimamishwa ili lipite. Halafu unaniambia halijulikani! Afande, mtaani kwetu kuna mzee haoni kabisa, na lile gari analijua."

Askari wa kaunta aliinama chini ya meza, akajifanya anatafuta kalamu.

Mwanamke huyo alikuwa mpishi wa shule, mwenye mikono iliyozoea sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake. Marehemu alikuwa mdogo wake, fundi bomba, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao afariki. Jana asubuhi idara ya maji ilimwita kijana akazibe bomba lililopasuka chini ya barabara kuu. Alipochomoza kutoka kwenye chemba, kipande cha bomba mkononi, msafara wa Rais ulikuwa unapita.

"Dada," Inspekta alisema, "ukisaini hapa, leo hii unamzika."

"Nisiposaini?"

"Utasubiri."

"Basi nitasubiri. Yule mtoto nimemwosha, nimemlisha, nimempeleka kujifunza kazi kwa miguu yangu. Siwezi kumfukia na uongo juu yake. Andika gari lililomuua. Ukiandika, nasaini hata kwa dole gumba."

Alinyanyuka. Mlangoni akageuka, akamtazama Inspekta kuanzia viatu hadi nywele.

"Wanakuitaje hapa?"

"Kobe," askari wa kaunta alidakia kutoka chini ya meza, kabla hajajizuia.

"Jina gani hilo!"

"Ni kwa sababu hafiki mapema, mama. Lakini sijawahi kumwona akirudi kinyumenyume."

"Tutaona," mwanamke alisema, akatoka.

Bosi wa kituo alikuwa anakunywa chai. Kobe aliweka kibali mbele yake, kikiwa bila sahihi hata moja.

"Sheria ya misafara unaijua au nikusomee?" bosi aliuliza. "Rais akiwa ndani, gari haliulizwi. Limegonga mtu, limegonga ng'ombe, limegonga ukuta wa kanisa au wa msikiti, haliulizwi."

"Na asipokuwa ndani?"

Kikombe cha bosi kilisimama hewani.

"Asipokuwa ndani," Kobe alijijibu, "ni gari kama la muuza mkaa. Dereva anashtakiwa, na kibali kinaandikwa jina la gari."

"Alikuwa ndani."

"Basi kwa nini tumeandika halijulikani? Tuandike kagongwa na msafara wa Rais, sheria inaruhusu, tufunge jalada. Tunaficha nini?"

Bosi alishusha kikombe taratibu. Swali lilikuwa fupi na halikuwa na pa kushikwa. Tangu mwanzo wa masika Rais hakuwa ameonekana hadharani. Mtaani walinong'ona kiharusi, redioni waliimba kazi. Kila asubuhi msafara ulitoka Ikulu na kuvuka mji kwa makelele yote ili watu waone kwamba Mzee anakwenda ofisini. Na jana jioni redio ilikuwa imesema msafara ulipita salama salimini, wananchi wakishangilia.

"Kobe," bosi alisema, "mimi nina watoto wanasoma."

"Nipe siku moja."

"Sikukupa. Sijakuona. Hukuja hapa."

Kobe alichukua kofia yake, akaenda.

Kibanda cha kinyozi kilikuwa karibu kabisa na pale kijana alipoangukia. Kioo kikubwa ndani yake kilitazama barabara, kiasi kwamba mteja aliyeketi kitini aliona magari yakipita nyuma ya sikio lake. Chemba ilikuwa bado wazi, imezungushiwa matawi mabichi ya miti. Maji hayakuwa yakivuja tena.

"Kichwa au ndevu?" kinyozi aliuliza.

"Maswali."

"Hayo nayo nanyoa. Kaa."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walicheka, kisha wakaona beji, wakaacha.

"Jana ulimwona Mzee?" Kobe aliuliza.

"Kwa macho haya mawili ya kwangu, sikuazima. Alikaa kiti cha nyuma, kofia yake ileile. Na alipofika hapa, pale kwenye tuta, akanitazama, akaniitikia kwa kichwa. Hivi." Kinyozi aliinamisha kidevu mara moja, kwa heshima kubwa.

"Alikuitikia wewe?" mteja wa kwanza alisema. "Wewe uligeuka lini kuwa mtu? Aliniitikia mimi, nilikuwa nimesimama pale nje."

"Wote waongo," mteja wa pili alisema. "Mke wangu yuko ng'ambo ya barabara, na yeye anasema kaitikiwa. Usiku mzima sikulala, ananihadithia."

Kobe aliwauliza mmojammoja, kisha akavuka barabara akamuuliza mke wa mteja, na muuza vocha, na mlinzi wa duka la vitambaa. Wote walisema kitu kimoja. Mzee alikuwemo. Mzee aliitikia kwa kichwa. Ushahidi wa watu wengi namna ile, usiopishana hata chembe, ungemtosha afisa mwingine akarudi zake kunywa chai. Kobe alirudi kwa kinyozi.

"Kijana alipogongwa, gari lilifanya nini?"

"Likasimama."

"Likapunguza mwendo?"

"Afande, nimesema likasimama. Breki zililia hadi wembe ukaniponyoka. Dereva akatoka mbio, akavua koti lake, akamwekea kijana chini ya kichwa. Akapiga magoti kwenye matope, na suruali ya pasi! Alikuwa anaongea naye kama ndugu yake."

"Mlango wa dereva aliufunga?"

"Afunge saa ngapi? Aliuacha wazi kabisa."

"Walinzi?"

"Wakaruka kutoka gari la nyuma kama siafu. Wakaja kwetu. Wakatunyang'anya simu, wakatusukuma. Huyu hapa alipigwa kofi."

"La kelbu, sikio linalia hadi leo," mteja wa pili alithibitisha, akishika shavu.

"Wangapi walikwenda kwenye mlango wa Mzee?"

Mkasi wa kinyozi ulisimama juu ya kichwa cha mteja. Alitazama kwenye kioo chake, kana kwamba jana ilikuwa bado imo ndani.

"Hakuna," alisema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wote walikuja kwetu."

"Mlango wa mbele uko wazi, umati uko hatua chache, na hakuna mlinzi aliyekwenda kumkinga Rais. Na yeye mwenyewe?"

"Katulia tu. Kainamisha kichwa." Kinyozi alishusha sauti. "Nikasema moyoni, huyu ana huruma, anamwombea yule mtoto."

Mochwari walimwonyesha nguo za marehemu ndani ya mfuko. Suruali ya kazi iliyolowa, viatu vya mpira, na koti la kijivu lililomzidi mwili kijana mara mbili. Damu ilikuwa imekaukia mgongoni. Ndani ya kola kulishonwa alama ya karakana ya Ikulu. Kobe alitia saini ya kulichukua, akaenda nyumba za madereva wa serikali, akauliza ni nani aliyepewa likizo jana ghafla. Watoto waliokuwa wakicheza mpira walimwonyesha nyumba kabla hajamaliza swali.

Dereva alikuwa ameketi kizingitini, jitu la mabega mapana, anang'arisha kiatu kilichokuwa kimeshang'aa. Aliona koti mkononi mwa mgeni, akaweka brashi chini.

"Umeniletea koti au pingu?"

"Koti kwanza."

Mke wa dereva alitokeza, akawatazama wote wawili, akarudi ndani na kufunga mlango wa kati.

"Umeendesha msafara miaka mingi?" Kobe aliuliza.

"Nywele hizi zote zimeotea mvi kwenye usukani ule."

"Nifundishe. Ukiwa umembeba, ukamgonga mtu, unafanya nini?"

"Unakanyaga mafuta."

"Akiwa mtoto?"

"Unakanyaga mafuta. Akiwa mama yako mzazi, unakanyaga mafuta, unalia ukifika. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tulivyoapa. Gari lililombeba halisimami, kwa sababu likisimama ndipo anapouawa."

"Jana ulisimama."

Dereva alichukua brashi tena. Hakuitumia.

"Hukusimama tu," Kobe alisema. "Ulitoka. Uliacha mlango wazi. Walinzi hawakukukaripia, na hakuna aliyekwenda nyuma. Mtu mmoja anaweza kupotewa na akili. Kikosi kizima hakiwezi kusahau kazi kwa pamoja. Ulikuwa umebeba nini, kaka?"

Mpira wa watoto uligonga ukuta, ukarudi.

"Mdoli," dereva alisema.

"Mdoli gani?"

"Wa dukani. Lile sanamu la kuvalishia suti. Tumelivika suti yake, kofia yake, miwani yake. Kioo ni cheusi, nje wanaona kivuli tu." Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya kukisikia. "Shingo ina skrubu imelegea. Nikipita kwenye tuta, anaitikia kwa kichwa. Watu wanashangilia. Niliwaambia waikaze, wakaniambia iache, wananchi wameipenda."

"Kwa hiyo ulipomgonga kijana..."

"Kwa hiyo nilipomgonga kijana nilikuwa mtu tu ndani ya gari na mdoli. Mguu ulikwenda kwenye breki wenyewe. Kwa mara ya kwanza miaka yote hiyo mguu wangu ulikwenda kwenye breki." Alilichukua koti, akalikunja magotini, damu ikiwa ndani. "Hakufa palepale. Aliniuliza kama maji yameacha kuvuja. Nikamwambia yameacha. Sikujua hata anazungumzia maji gani."

"Nikiandika haya, utashtakiwa kwa kumgonga."

"Si nilimgonga? Kosa hilo ni langu, nilipe. Ninalotaka ni kusimama mbele ya hakimu niseme 'nilikuwa nakwenda mwendo wa wazimu barabara ya watu, kwa ajili ya mdoli'. Waandike neno kwa neno."

Kobe aliaga, na dereva akakawia kuuachia mkono wake.

Ofisi ya Msemaji wa Ikulu ilikuwa na televisheni tatu ukutani, zote zimezimwa sauti. Kwenye meza ya pembeni msichana mmoja alikuwa na picha ya Rais akikagua mashine, anamfuta kwa kompyuta waziri aliyesimama nyuma yake, kwa kuwa waziri huyo alizikwa mwaka jana na picha ilitakiwa iwe ya jana. Msemaji mwenyewe, ambaye sauti yake nzito iliingia kila nyumba nchini, alikuwa mtu mfupi mwenye mafua. Chini ya meza alivaa ndara. Miguu yake ilikuwa imevimba.

Bosi wa kituo alikuwa amemleta Kobe pale mwenyewe, baada ya kumsikiliza na kutokwa jasho. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri sindano.

Kobe alieleza kwa kufuata mpangilio. Breki. Mlango wazi. Walinzi waliokimbilia umati. Kichwa kilichoitikia kwenye tuta na kuinama kwenye breki. Mdoli. Msemaji alisikiliza bila kumkatiza, anapenga kamasi tu.

"Kazi nzuri," alisema mwishoni. "Wewe ndiye Kobe? Nimesikia. Sasa unataka nini?"

"Kibali cha kuzika kinachosema kweli. Gari lilikuwa tupu, kwa hiyo sheria ya misafara haihusiki. Dereva mwenyewe yuko tayari kwenda mahakamani. Dada wa marehemu apewe mwili."

"Na hakimu atauliza Rais alikuwa wapi."

"Hilo si swali langu, mheshimiwa."

"Ni langu." Msemaji alimwashiria msichana atoke. Alipofunga mlango, aliendelea kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyechoka kweli. "Hawezi kushika kijiko, Inspekta. Upande mmoja umelala. Mkewe anampangusa mdomo. Wale mawaziri unaowaona kwenye hizo televisheni, kinachowazuia kuchinjana ni hofu yao kwake. Wakijua, nchi itawaka. Kila siku natafuta sababu ya mtu mzima kutotoka nje. Nimesema kazi. Nimesema mfungo. Nimesema anaandika kitabu! Nimeishiwa." Alipenga tena. "Huyo kijana alikuwa ameshika nini?"

"Wapi?"

"Mkononi, alipotokea."

"Kipande cha bomba. Alikuwa fundi."

"Kirefu?"

Bosi wa kituo alimwahi Kobe: "Kama mkono hivi, mheshimiwa. Cha chuma."

"Kwa hiyo," Msemaji alisema polepole, na Kobe aliona uso wake ukipata rangi, "mtu mwenye chuma mkononi alijificha chini ya barabara. Akasubiri. Gari la Rais lilipofika, akachomoza."

"Alikuwa anaziba bomba," Kobe alisema. "Idara ya maji ndiyo iliyomtuma."

Msemaji aliinua simu. "Nipe mkurugenzi wa maji... Ndugu, mlituma fundi barabara kuu jana? ... Ninakuomba ufikiri vizuri kabla hujajibu... Ahaa. Asante sana, salamu nyumbani." Aliweka simu. "Hawamjui."

"Mheshimiwa, nimekuja kukwambia gari lilikuwa tupu."

"Nami nimekusikia. Lakini mwenye akili timamu anashambulia gari tupu? Tukisema lilishambuliwa, tumeshasema Rais alikuwemo. Na yote uliyoyakusanya yamekaa vizuri, sihitaji kuongeza chumvi. Dereva alisimama, akaruka nje kumkabili muuaji, shujaa huyo, tutampa nishani. Walinzi walikimbilia kwenye hatari. Na Rais? Mashahidi wote wanasema alitulia kama maji mtungini. Hakutikisika! Hapo sisi wenyewe tusingeweza kutunga." Alivuta karatasi. "Kwa hiyo usalama umemshauri asionekane hadharani kwa muda."

"Muda gani?"

"Utakaotosha."

"Dereva hatakubali."

"Dereva ana mke na nyumba ya serikali. Atavaa nishani yake."

"Na mimi nikisema nje?"

Msemaji alimtazama bila chuki. "Utasema mtu kafa kwa ajili ya mdoli wenye skrubu iliyolegea. Nani atataka kuliamini hilo, Inspekta? Mimi mwenyewe silali nikilifikiria." Akamgeukia bosi. "Ana ndugu?"

"Dada mmoja," bosi alisema haraka. "Mkorofi. Amekataa kusaini kibali."

"Amekataa? Mtu mwenye msiba anakataa kibali cha kuzika?" Msemaji alianza kuandika. "Alikuwa anaogopa tuchunguze nini? Mleteni kabla jua halijazama. Msipomleta ninyi, nitawatuma wale wengine, na wale hawabishi hodi. Mwili utabaki kwetu. Ni kielelezo."

Kobe alichukua gari la kituo, lile lililofunikwa nyuma, linalobeba walevi wikendi na maiti siku nyingine, akaliendesha peke yake. Njiani redio ilikatiza muziki. Sauti nzito, isiyo na mafua hata kidogo, ilitangaza kwamba Mungu ameinusuru nchi. Alipofika barabara kuu watu walikuwa wameshaanza kuandamana kwa furaha, wanapunga matawi yaleyale yaliyozungushwa kwenye chemba. Mbele ya kibanda, kinyozi alikuwa anazungumza na kamera.

"Nilimwona kwenye kioo changu," alikuwa anasema, "akinyanyua chuma, analenga kioo cha nyuma. Mzee akamtazama tu, hivi, bila woga."

Mteja wa pili alikuwa nyuma yake, anatikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikutana na ya Kobe. Akayashusha, akaendelea kukubali.

Nyumba ya msiba ilikuwa mwisho wa mtaa, penye njia nyembamba inayopita kando ya makaburi. Gari lilipokata kona, watu walilitambua. Kelele za vilio zilipanda, wazee wakazituliza. Wanawake walisogea pembeni kufungua njia. Kobe alipozima injini, wanaume walikuwa tayari wamejipanga nyuma ya gari, wawiliwawili, mikono mbele.

Alishuka. Mjomba wa marehemu, mzee mwembamba aliyekunja mikono ya shati, ndiye aliyeshika komeo.

"Taratibu jamani," aliwaambia wenzake. "Kichwa kwanza."

"Mzee, subiri," Kobe alisema.

Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Ndani kulikuwa na tairi la akiba na kamba.

Hakuna aliyeshusha mikono. Walikaa nayo vilevile, viganja juu, kama watu waliosahau walichokuja kuomba. Mpishi wa shule alitoka ndani na shuka jeupe lililokunjwa kifuani. Alitazama tairi. Alimtazama Kobe.

"Yuko wapi?"

"Hawatamtoa."

"Hukuandika?"

"Nilisema, dada. Kwa mdomo wangu, mbele ya mkubwa wao. Nimewathibitishia gari lilikuwa tupu, hakuna mtu nyuma, kwa hiyo mdogo wako aliuawa kinyume cha sheria."

"Wakasemaje?"

"Hamjasikia redio?"

"Tuna msiba. Nani afungue redio?"

Basi ikabidi aseme yeye. Alisema akiwa amesimama, mbele ya watu wote, na hakuruka neno. Chuma. Kujificha. Muuaji. Alipofika kwenye "dada yake atahojiwa", jirani mmoja alikumbuka ameacha maji jikoni. Mwingine akamfuata kumsaidia kuyaepua. Kisha wawili, kisha benchi zima, bila kuaga, wakipita mbali na gari. Walibaki wachimba kaburi, mjomba, na wanawake watatu waliopika naye shuleni.

"Umekuja kunikamata," mpishi alisema.

"Nimetumwa kukukamata. Tangi limejaa, linafika mpakani. Jua likizama watakuja wengine, na hao hawana mazungumzo."

"Nikikimbia watasemaje?"

"Watasema umekimbia kwa sababu mna hatia."

"Nisipokimbia?"

"Watasema hivyohivyo."

Alicheka puani. "Basi yule mtu wao hana kazi ngumu." Alimpa mmoja wa wanawake lile shuka. "Sikimbii, Kobe. Nikikimbia, yule mtoto anabaki kule kwenye jokofu na jina walilompa, na hakuna wa kubisha. Nipeleke kituoni kwako. Mchana, watu wakiona. Nitataja gari lililomuua mpaka waliofunga milango wasikie."

"Hawatakuacha useme sana."

"Nitasema haraka."

Alizunguka hadi kiti cha mbele, akapanda, akafunga mlango mwenyewe. Mjomba alimfuata, akashika dirisha kwa mikono yake yenye udongo.

"Mwanangu," alisema, "na lile shimo? Tulifukie? Kaburi halikai tupu."

Mwanamke alitazama kule ambako udongo mwekundu ulikuwa umerundikwa kando ya njia wanayopita watu wote wa mtaa wakienda na kurudi kazini.

"Wekeni mbao pembeni watoto wasitumbukie," alisema, "lakini liacheni wazi. Anayepita alione. Aulize linamsubiri nani."